Mbona Kwangu Zinaonekana?

Ukumbi wa ofisi ya leseni ulikuwa umejaa tangu saa mbili asubuhi, na kati ya feni nne ni moja tu iliyokuwa ikizunguka. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki wameshika vikaratasi vya namba. Wengine walijipepea navyo, wengine walisinzia midomo wazi.

Binti Fundi alikuwa na namba themanini na nne. Alivaa gauni la rangi ya haradali lenye mifuko miwili mikubwa, kitambaa cha kahawia amekifunga kichwani kwa haraka, na kwenye kucha zake kulikuwa na weusi wa gundi ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda. Hakuwa akitazama nyuso za watu. Alitazama miguu. Kazi yake ilikuwa kushona viatu vya watu ambao viatu vya dukani viliwakataa: mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, kisigino kilichopinda, unyayo uliokatwa nusu. Baba yake ndiye aliyeanzisha karakana, mtaa mzima ukamwita Fundi. Yeye akawa Binti Fundi, jina likamganda.

Mwanamume mmoja mrefu akaja akasimama karibu yake, shati la bluu limechomekwa upande mmoja tu, begi la kompyuta linamvuta bega. Binti Fundi akatazama viatu vyake, akashindwa kunyamaza.

"Kaka, samahani. Hilo goti lako la kulia haliumi ukipanda ngazi?"

Mwanamume akageuka taratibu, kama mtu aliyeamshwa. "Linauma. Umejuaje?"

"Soli imeliwa upande wa nje. Ukiendelea hivyo, ukifika miaka hamsini utakuwa unashuka ngazi kinyumenyume."

"Wewe ni daktari?"

"Fundi viatu."

"Basi tumekutana. Na mimi ni fundi, ila wa tovuti. Natengeneza vitu visivyoshikika."

"Ndiyo maana umekonda."

Akacheka, na uchovu ukamtoka usoni kwa muda mfupi, kama pazia lililopeperushwa. Akakaa kiti cha jirani. "Namba yako ngapi?"

"Themanini na nne."

"Nilimaanisha ya simu."

"Wameita ishirini na tisa sasa hivi," Binti Fundi akasema, macho yake mbele. "Tuna siku nzima hapa. Usiniharakishe."

Walipotoka kwenye ukumbi ule saa tisa alasiri, kila mmoja na karatasi yake yenye mhuri, namba ya simu mwanamume alikuwa nayo.

Kazini mwanamume yule walimwita Kimya. Aliweza kukaa kutwa mbele ya kompyuta bila kutoa sauti isipokuwa ya vidole vyake. Ofisi yao ilitunza tovuti za watu wengine: shule, maduka ya vipuri, wakala wa nyumba. Kila asubuhi alikuta malalamiko yamempangia foleni. Hili halifunguki, lile limehama, picha imelala ubavu. Jibu lake la kwanza lilikuwa lile lile miaka saba: *Kwangu inaonekana vizuri. Jaribu kuifungua upya.* Mara tisa kati ya kumi lilimtosheleza mlalamikaji. Ile ya kumi ndiyo iliyompa kazi.

Wiki iliyofuata alikwenda karakana kupimwa mguu. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya ngozi na gundi, kalibu za mbao zimepangwa ukutani mfano wa miguu ya watu, kila moja ina jina la mwenyewe kwa penseli. Kwenye kona ya dirishani alikaa mzee. Kiharusi kilikuwa kimempitia miaka miwili nyuma na kumwachia mkono mmoja unaotii na maneno machache yanayotoka polepole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee akamtazama kuanzia juu hadi chini, akamgeukia bintiye. "Huyu... ndiye wa foleni?"

"Baba!"

Kimya akavua kiatu ili apate pa kuficha uso.

Wakaanza hivyo. Mapenzi yao hayakuwa ya kuvaa na kutoka. Yalikuwa ya watu wawili waliokwisha kuchoka kabla hawajakutana. Binti Fundi aliamka alfajiri kumwogesha baba yake, akashona hadi jua linazama. Kimya alitoka ofisini macho yamemwiva. Sehemu kubwa ya penzi ikapitia kwenye simu, saa za chakula cha mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula chai."

"Chai hailiwi."

"Ya leo ilikuwa nzito. Na wewe, laazizi wangu?"

"Nina misumari mdomoni, nitakupigia." Na kweli ungesikia sauti yake imebanwa, misumari midogo imeshikwa kwa midomo.

Siku moja Binti Fundi alimpigia yeye mwenyewe, na sauti haikuwa na msumari hata mmoja. Hospitali kubwa ya watoto ilikuwa ikitafuta karakana ya kushona viatu vya watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda. Kazi ya miaka mitatu. Kamati ingekaa Jumanne saa nne asubuhi kutazama kazi za kila fundi.

"Wanataka kuona kazi zangu, na mimi sina hata jozi moja rafuni," alisema. "Kila kiatu ninachomaliza kinaondoka na mguu wake. Nina picha tu, kwenye simu."

"Nitumie zote," Kimya akasema. "Nitakutengenezea tovuti. Watakaa kwenye viti vyao, wataona kila kitu ukutani."

"Utapata wapi muda wewe? Unalala umesimama."

"Nitaupata."

Alimtumia picha thelathini na nne: mguu kabla, mguu baada. Ya mwisho ilikuwa picha ya jozi moja ya zamani, ngozi nyeusi iliyopasuka, soli ya kushoto nene kuliko ya kulia. Baba yake aliishona kwa ajili ya mkewe, marehemu mama yake Binti Fundi, ambaye alitembea akichechemea tangu utoto. Jozi hiyo ndiyo iliyomfanya mzee aingie kwenye ufundi huo, na ndiyo iliyomfanya mama akubali kuolewa.

Jumapili alasiri, baada ya wiki nzima ya kuiba saa hapa na pale, Kimya alipakia kila kitu kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayoitunza tovuti. Mtandao ulikatika mara moja katikati, ukarudi. Akaandika jina la tovuti, ukurasa ukafunguka, viatu vyote vikajipanga mbele yake kama wageni wa harusi. Akafumba macho kwa raha.

"Iko hewani," akamwambia kwa simu.

"Mungu akuweke, mpenzi wangu. Nitaitazama kesho, leo naipiga pasi suti ya baba. Anataka kuja."

Jumatatu ikapita na wateja wa Binti Fundi, tovuti asiitazame. Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, Kimya akiwa kikaoni na bosi wake anayesoma malalamiko kwa sauti, simu ikatetema. Akatoka nje ya mlango.

"Mpenzi, sioni picha," Binti Fundi alisema. Nyuma yake palisikika magari na kikohozi cha mzee. "Maandishi yapo. Picha hakuna. Ni viboksi vitupu."

"Mbona kwangu zinaonekana?"

"Kwangu hazionekani."

"Nimeifungua asubuhi hii hii, kipenzi. Zote thelathini na nne. Itakuwa simu yako, imezeeka ile. Izime uiwashe."

"Nimeizima nimeiwasha. Nimeomba na ya dereva wa teksi, ni vile vile."

"Basi ni mtandao wa hapo mlipo. Kwenye kompyuta ya hospitali zitatokea tu."

"Una hakika?"

Bosi akatokeza kichwa mlangoni. Kimya akaona maneno yanamtoka yenyewe, yale ya miaka saba. "Nina hakika. Kwangu inaonekana vizuri."

Alikuwa na simu yake mwenyewe mkononi. Kuifungua tovuti humo kungemchukua nusu dakika. Hakuifungua. Alirudi kikaoni.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, watu saba, na ukuta mweupe. Mwenyekiti alikuwa daktari wa mifupa, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Mzee alikaa nyuma, suti yake ya kijivu imemkaa vizuri begani, mkono mzima umeushika ule mgonjwa ili usitikisike.

Karani akaandika jina la tovuti. Ukurasa ukafunguka ukutani. *Mtoto wa miaka minne, kabla.* Juu yake, fremu tupu, na kwenye kona alama ndogo ya picha iliyochanika. *Mtoto wa miaka minne, baada.* Fremu tupu. Karani akateremsha ukurasa. Fremu tupu, fremu tupu, fremu tupu.

"Labda tusubiri kidogo," mwenyekiti akasema kwa upole.

Wakasubiri. Mtu mmoja akatazama saa. Binti Fundi akasimama, akaanza kueleza kwa mdomo viatu ambavyo hakuna aliyeviona, akipima hewa kwa mikono yake yenye weusi wa gundi. Kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kusikia sauti yake inavyofanana na ya muuzaji asiye na bidhaa.

"Binti yangu," mwenyekiti akasema mwishoni, "sina shaka unajua kazi. Lakini kikao hiki kinaamua kwa kinachoonekana."

Nje, kwenye ngazi, mzee akauliza, "Ilikuwa... nini?"

"Mtandao tu, baba. Mtandao wao mbovu." Akamshika mkono wakashuka ngazi moja moja. Alipomkalisha kwenye teksi, akasogea kando akapiga simu.

"Zilionekana?" Kimya akauliza kwa furaha.

"Hapana."

"Haiwezekani. Ngoja nifungue... mbona zipo? Hizi hapa, naziona!"

"Kwako!" Sauti yake ikapanda, watu wakageuka. "Kwako, kwako, kwako! Nimesimama mbele ya watu saba, baba yangu ananitazama, naeleza viatu kwa vidole! Nilikwambia sioni. Nilikwambia hata kwa simu ya dereva sioni. Ukaniambia simu yangu imezeeka."

"Nisikilize, mpenzi..."

"Nimekusikiliza asubuhi. Ndiyo maana niko hapa." Akakata.

Kimya alibaki ameshika simu. Kisha akateremka hadi duka la kuchapisha nakala lililokuwa chini ya jengo lao, akaomba kompyuta kwa dakika tano. Akaandika jina la tovuti. Fremu tupu thelathini na nne zikamtazama.

Akavuta kiti. Akaanza kutafuta kama mtu anayemtafuta mwenye hatia huku akishuku ni yeye mwenyewe. Kosa la kwanza alilikumbuka baada ya robo saa. Wakati wa kuitengeneza tovuti aliiamuru kompyuta yake kwamba jina lile likiandikwa, isiende kwenye mtandao, ifungue nakala iliyomo humo humo ndani. Fundi yeyote hufanya hivyo, na akimaliza huiondoa amri. Yeye alisahau. Tangu Jumapili alikuwa akijitazama mwenyewe. Tovuti yenyewe, ile wanayoiona watu, hakuwahi kuiona.

La pili lilikuwa dogo zaidi. Majina ya picha kutoka kwenye simu yaliishia kwa herufi kubwa. Yeye kwenye ukurasa aliyaandika kwa herufi ndogo. Kompyuta yake haikujali. Seva ilijali: kwake hayo ni majina mawili tofauti, na lile aliloliita halikuwepo. Akarekebisha majina yote, akafungua upya. Viatu vikatokea kimoja baada ya kingine, saa nane mchana, siku ambayo havikuhitajika tena.

Alhamisi alikwenda karakana. Binti Fundi alikuwa nje, anakausha ngozi kwenye kamba, gauni la zambarau limepauka mabegani, macho yamevimba.

"Nimejua tatizo," Kimya akaanza, bado hajapumua. "Yalikuwa mambo mawili. Seva inatofautisha herufi kubwa na ndogo, sasa yale majina..."

"Nilikuuliza?"

"Nilitaka uelewe kwamba haikuwa..."

"Haikuwa nini? Kosa lako? Lilikuwa la herufi?" Akabana ngozi kwa kibanio. "Wamempa mtu mwingine. Wamenipigia leo asubuhi. Nenda, tafadhali. Nimechoka, na sina nguvu ya kukuchukia vizuri."

Akaenda. Wiki ya kwanza alituma ujumbe kila siku, haukujibiwa. Ya pili alituma mmoja. Ya tatu akaacha. Ofisini malalamiko yaliendelea kumpangia foleni. Siku moja mwalimu wa shule fulani alipiga akisema ratiba haionekani, na Kimya akajisikia anasema, "Niambie unaona nini. Taratibu, kuanzia juu." Mwenzake wa meza ya pili akainua kichwa kumtazama kana kwamba amesikia mtu mpya ameajiriwa.

Binti Fundi kwa upande wake alishona. Hakumwambia baba yake neno. Mchana simu ilipokaa kimya aliigeuza kifudifudi, kisha akaigeuza tena.

Mwezi ulipoisha, Kimya akapigiwa na namba ya mzee.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Umepotea." Kimya akasikia pumzi nzito, maneno yakitafutwa moja moja. "Ile... tovuti. Naitazama kila siku. Picha thelathini na tatu. Ya mke wangu... siioni."

*Mbona kwangu...* Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Akayameza.

"Unaona nini hapo, mzee?"

"Nusu. Juu kiatu. Chini... kijivu."

Kimya akafunga macho. Mtandao uliokatika Jumapili ile. Picha ilifika seva nusu, na yeye alipohesabu aliona fremu zimejaa, hakutazama ndani. Nakala yake nzima alikwisha kuifuta ili kupata nafasi. "Ya asili iko kwenye simu ya binti yako," akasema. "Mimi sina."

"Basi njoo uichukue." Na mzee akakata, kwani kwake kila neno la ziada lilikuwa kazi.

Jumamosi saa nne, mlango wa karakana ulikuwa wazi. Binti Fundi alikuwa ameinamia kiatu kidogo cha ngozi nyekundu, msharasi wake ukitoboa na kuvuta uzi, kutoboa na kuvuta. Mzee hakuwepo dirishani, alikuwa amejilaza chumba cha ndani. Kimya akasimama kizingitini. Alikuwa amekonda zaidi, na shati lake leo lilikuwa limechomekwa pande zote mbili.

"Baba amenieleza," Binti Fundi akasema bila kuinua uso. Akasukuma simu yake mezani. "Ichukue picha yako uende."

Hakuigusa. "Naomba niseme kitu kimoja. Hakina herufi wala seva."

Uzi ukasimama.

"Uliniambia unachokiona kwa macho yako, nikakwambia hukioni. Hilo ndilo kosa. Hata kama picha zingetokea siku ile, bado ningekuwa nimekukosea."

Binti Fundi akaweka kiatu chini. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yamekwisha kufika kidevuni na hakuwa na habari nayo.

"Ungesema hivyo Alhamisi ile," alisema.

"Alhamisi ile nilikuwa sijaelewa. Nilikuwa nimetengeneza tu."

"Nilikulinda kwa baba, unajua? Nilimwambia ni mtandao wa hospitali. Nimekukasirikia mwezi mzima na huku nakutetea. Kuna kazi inayochosha kama hiyo?"

"Pole, laazizi."

"Usiniite laazizi, sijamaliza kulia."

Akangoja amalize. Kisha akatoa kompyuta yake begini, akaihamisha picha, akaipakia akiwa amesimama pale pale, na alipomaliza akaifunga kompyuta yake kabisa, akaiweka kwenye begi. "Fungua kwa simu yako," akasema. "Uniambie."

Akafungua. "Bado nusu."

"Sawa. Simu imeikumbuka ile ya zamani. Vuta ukurasa chini uachie." Akangoja. "Sasa?"

Kidole cha Binti Fundi kilipita juu ya kioo, kutoka kwenye ngozi nyeusi iliyopasuka hadi kwenye soli, ile nene ya kushoto na ile nyembamba ya kulia.

"Ipo," alisema. "Yote."

Kimya akajiachia kwenye benchi kama mzigo uliofika. Alinusa gundi, ngozi, na mafuta ya nywele zake. Akasema bila kujipanga, "Tuoane."

"Nini?"

"Tuoane, tuchoke pamoja. Mimi sina ahadi ya kukupumzisha, nitakuwa nakudanganya. Lakini nitakuuliza unaona nini, na nitakuamini."

Kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima Binti Fundi akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyezibwa pua kwa kulia. "Posa gani hii? Hata uso hujanawa."

"Ndiyo niliyo nayo."

Akaokota msharasi, akauweka tena. Akamtazama miguu, goti, mikono, macho. "Kamwambie baba," akasema. "Lakini anza na la hospitali. Mwambie halikuwa la mtandao. Ukilimaliza hilo, kama bado anakutaka ndani, mwambie na hili."

Kimya akanyanyuka, akaingia chumba cha ndani. Binti Fundi alibaki ameshika kiatu chekundu bila kushona. Alisikia sauti ya Kimya ikieleza, ikikwama, ikieleza tena. Kisha sauti ya mzee, neno moja, jingine, jingine, asiyasikie vizuri. Kisha Kimya tena, kwa sauti ya chini zaidi.

Akakiweka kiatu mezani.

"Binti!" mzee akaita, na neno hilo moja lilitoka zima, kama zamani. "Njoo... usikie posa mwenyewe. Sitaki niambiwe kesho... nilisikia vibaya."

Akavua aproni, akajifuta uso kwa upindo wake, akaingia.